Zamu ya Kumi na Mbili

Ukitaka kuweka kwenye kalenda ya simu jambo linalojirudia, simu inakuuliza mambo manne: ni jambo gani, linaanza lini, linarudi kila baada ya muda gani, na linaisha lini. Matatu ya kwanza kila mtu huyajibu haraka. La nne wengi hulipita. Katika miaka niliyoratibu vikundi vya akiba na vya wakulima, kuanzia Kayanga na Omurushaka upande wa Karagwe hadi Nkwenda, Kaisho na Murongo upande wa Kyerwa, nimeona muda wa watu, fedha zao na hata kuaminiana kwao vikiharibika kwa sababu ya swali hilo la nne. Naandika haya kwa makatibu wa vikundi, walimu, wenyeviti wa vitongoji na yeyote mwenye simu janja ambaye watu wengine wanaitegemea ratiba yake.

Kwanza tuelewe simu inatunza nini. Ukiweka kikao cha kila Alhamisi kwa mwaka mzima, simu haiandiki vikao 52. Inaandika kimoja tu, kile cha kwanza, na pembeni yake sharti fupi: rudia kila wiki, siku ya Alhamisi, mpaka hapa. Vikao vingine vyote unavyoviona vinapigiwa hesabu pale unapofungua ukurasa wa mwezi wenyewe. Namna ya kuandika sharti hilo iliwekwa kwenye waraka wa kitaalamu wa mwaka 1998 uitwao RFC 2445, ukaandikwa upya mwaka 2009 kuwa RFC 5545, na ndio unaofanya ratiba iliyotengenezwa Kayanga isomeke vizuri kwenye kompyuta ya Dodoma hata kama programu zenyewe ni tofauti. Waraka huo unatoa njia tatu za mwisho. Usiseme kitu, na jambo litarudi milele. Taja tarehe. Au taja idadi ya mara. Tarehe na idadi haziruhusiwi kukaa kwenye sharti moja, lazima uchague.

Watu wa huku walikuwa wakiishi na njia hizo tatu kabla simu haijafika. Ibada ya Jumapili haina mwisho, na hakuna anayeuliza itakoma lini. Kikoba kina tarehe: kinafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunjwa Desemba, watu wagawane kabla ya Krismasi. Upatu una idadi: mkiwa kumi, mnakutana mara kumi, kila mmoja anapokea mara moja, basi. Mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta anazijua tofauti hizi vizuri kabisa. Tatizo huanza pale anayeshika simu anapochukua jambo la aina moja na kuliwekea mwisho wa aina nyingine.

Tena nchi hii ilikuwa na jambo linalojirudia ambalo hakuna sharti la simu lingeliweza. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1861 alishuhudia sherehe ya mwezi mwandamo. Ngoma zilipangwa chini kwa safu, na watu wakaja mbele ya mfalme kuonyesha utii wao. Ilikuwa sherehe ya kila mwezi, lakini siku yake haikupangwa kwa hesabu; mwezi ulionekana, ngoma zikalia. Ndivyo ilivyo hadi leo kwa Waislamu wanaosubiri Idi. Hata Pasaka, ambayo ina hesabu yake, haikubali sharti jepesi la kila mwaka: mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 Aprili 20, mwaka 2026 Aprili 5. Mwaka 2015 wataalamu waliongeza waraka mwingine unaoruhusu kalenda zisizo za Kizungu kutumika kwenye masharti hayo. Ni hatua njema, ila haimsaidii anayesubiri mwezi auone kwa macho. Mambo ya namna hiyo huwekwa mojamoja, mwaka kwa mwaka, na asiyejua hilo atawatangazia watu sikukuu siku ambayo siyo.

Nirudi kwenye vikoba, maana huko ndiko nilikojifunza uzito wa tarehe ya mwisho. Mtindo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka 1991 kwa kazi ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na kwetu ukaingia hadi vijijini kabisa: sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, vijitabu vya hisa vinavyogongwa mhuri mbele ya wote. Katika mtindo ule, mzunguko una mwisho uliotajwa tangu siku ya kwanza, kwa kawaida kati ya miezi tisa na mwaka. Wageni wa jambo hili hudhani kuvunja ni sherehe tu ya kugawana. Siku ya kuvunja ndiyo ukaguzi wenyewe. Mikopo yote inarudi, fedha zinamwagwa mezani, zinahesabiwa, na kila mtu anaondoka na chake mkononi. Anayetaka kujitoa anajitoa bila ugomvi. Aliyekuwa akidanganya kwenye daftari anajulikana siku hiyo, si baada ya miaka mitano. Kikundi kisicho na tarehe ya mwisho hakina ukaguzi, na nimeviona vya namna hiyo vikifa kwa minong'ono.

Sasa, kikundi kimoja upande wa Kyerwa kilivunja Desemba vizuri, bila shilingi kupotea. Nusu ya wanachama wakaanzisha kikundi kipya cha siku nyingine, wengine wakapumzika. Ratiba yao ya kila Alhamisi ilikuwa imewekwa kwenye simu na kusambazwa kwa wanachama, na aliyeiweka hakutaja mwisho. Basi Alhamisi iliyofuata simu zikalia, na ile nyingine, na ile nyingine. Mwezi wa kwanza nilipita kwenye shule ya msingi walikokuwa wakikutania nikamkuta mzee mmoja amekaa barazani, mwavuli umefungwa pembeni ya kiti, suruali imelowa tope hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wenzako wako wapi? Simu ya mjukuu wangu imelia tangu asubuhi." Alikuwa ameshuka kilima kizima kwenye utelezi kuja kwenye kikao ambacho hakikuwepo. Hakulalamika. Alichosema ni kwamba aliposikia simu inalia alidhani wamerudi na hakutaka aonekane amechelewa.

Kwa walio karibu na barabara kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi nadhani. Wao walizoea. Simu ikilia Alhamisi wanaizima bila kuitazama. Kamati ilipohitaji kuwaita watu kumalizia shughuli moja iliyobaki, ikatumia kalenda ileile, na waliofika walikuwa wachache kwa sababu mlio ule ulikuwa umeshapoteza maana. Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja na sijaubadilisha: jambo la kikundi cha watu lisiwekwe bila mwisho. Weka tarehe hata kama una hakika mtaendelea. Kuongeza muda ni kazi ya dakika moja, na ile dakika ndiyo inayowalazimisha muulizane kama kweli mnaendelea.

Upatu ni habari nyingine, na hapa naomba msomaji anifuatilie polepole, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka siku ya mwisho.

Akina mama 12 katika mji mdogo wa barabara ya Nkwenda walianza mchezo Jumamosi ya Julai 6, 2024. Kila baada ya wiki mbili, kila mmoja anatoa shilingi 20,000, na mwenye zamu anaondoka na 220,000 za wenzake. Binti wa mweka hazina, aliyemaliza kidato cha nne, aliwawekea ratiba kwenye kalenda na kuisambaza kwa wenye simu janja. Wenye kitochi aliwaandikia ujumbe. Alichagua mwisho wa idadi, mara 12. Alichagua sahihi kabisa. Ratiba ikaonyesha zamu ya mwisho Desemba 7.

Septemba 14 kukawa na msiba. Huku kwetu msiba ukitokea kitongojini, watu hawaendi shambani wala kwenye vikao mpaka maziko yaishe. Binti akafungua kalenda, akafuta kikao cha siku ile peke yake, akawaambia wote kwamba wataendelea Septemba 28. Kila mtu akaona sawa. Mama wa zamu ya sita akapokea Septemba 28 badala ya 14, wa saba akasogea, wa nane akasogea.

Sharti kwenye simu halikusogea. Utaratibu ule wa kimataifa unasema hivi: idadi inahesabiwa kwanza, ndipo siku zilizofutwa zinaondolewa. Simu ilishapanga mara 12, kuanzia Julai 6 hadi Desemba 7. Ukifuta mmoja, inabaki na 11. Haiongezi mwingine mbele ili itimie 12, maana kwa hesabu yake ile mara ya sita ilikuwepo, imefichwa tu. Kwa hiyo Desemba 7 akapokea mama wa zamu ya 11, na kalenda ikanyamaza.

Kesho yake, baada ya ibada, mama wa zamu ya 12 alikuja kwa mweka hazina nami nikiwa pale. Alikuwa na simu aliyonunuliwa na mwanawe wa Mwanza, na aliishika kama ushahidi. "Katibu, shikamoo," akaniambia, ingawa umri wetu haupishani sana. Alikuwa ananipa cheo ili nisimkwepe. "Humu mchezo umeisha jana. Mimi nimetoa mara zote. Sijapewa." Fedha ile alikuwa ameipangia: nusu mabati, nusu sare na madaftari, shule zikifunguliwa Januari. Na kila mtu pale alijua kingefuata nini kama asingepewa. Angekwenda kuuza kahawa yake ikiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi. Hiyo ndiyo butura, ambayo viongozi wa mkoa wetu wamekuwa wakiipiga marufuku mwaka baada ya mwaka na ambayo bado inawala watu, kwa sababu njaa ya Januari haisubiri msimu unaofunguliwa Mei.

Mweka hazina hakubishana. Aliingia ndani akatoka na daftari. Lilikuwa na majina 12 kwa kalamu ya wino, 11 yamepigwa mstari, moja halijapigwa. Akaweka kidole pale. "Dada, jina lako hili hapa. Mchezo haujaisha." Desemba 21 wakakutana, mama akapokea.

Nimelifikiria sana daftari lile. Halikuwa na tarehe hata moja. Lilikuwa na majina, na jina lilikatwa pale fedha zilipokabidhiwa. Daftari lilihesabu yaliyofanyika. Simu ilihesabu yaliyopangwa. Msiba ukiingia katikati, hesabu hizo mbili zinaachana, na anayeumia ni wa mwisho kwenye foleni, ambaye mara nyingi amewekwa mwisho kwa sababu ndiye mpole au ndiye aliyechelewa kujiunga. Nampongeza yule mweka hazina kwamba hakuliacha daftari siku simu ilipokuja. Namtetea na binti yake pia: alifanya kile ambacho kila mtu angefanya, akafuta siku iliyoharibika. Dawa yake ni kwamba siku ya zamu isifutwe. Ihamishwe. Ukikihamisha kikao cha Septemba 14 hadi Desemba 21, au ukikisogeza pamoja na vyote vinavyokifuata kwa wiki mbili, idadi inabaki 12. Na kama umeshafuta, rudi kwenye sharti uandike 13.

Hapo kwenye kusogeza kuna swali jingine ambalo simu huuliza na watu hulijibu bila kusoma. Ukibadilisha kikao kimoja cha mfululizo, inataka kujua: ni hiki tu, ni hiki na vinavyofuata, au ni vyote? Ukisema hiki na vinavyofuata, programu nyingi hukata mfululizo vipande viwili. Cha zamani kinawekewa mwisho, kipya kinaanzia pale. Ukisema vyote, hata vilivyopita vinabadilishwa. Kwa mtu wa Kyerwa jambo hili halihitaji maelezo marefu. Wilaya yetu ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mambo ambayo watu wa Murongo na Nkwenda walikuwa wakiyafuata Kayanga yakahamia Rubwera, makao makuu ya wilaya mpya. Ukitaka kuandika mabadiliko hayo kwa haki, unasema kuanzia hapa mbele ni Rubwera. Ukisema vyote, utakuwa umeandika kwamba watu walikutana Rubwera wakati ambapo halmashauri haikuwepo, na kumbukumbu za kikundi zitapingana na muhtasari wa vikao. Siku ya ugomvi wa mkopo, kumbukumbu hizo ndizo zinazotafutwa.

Kuna na mwisho wa aina mbili unaochanganywa kila mara, hasa na vijana wenye haraka. Tukio lenyewe lina mwisho: linaanza saa nne asubuhi, linaisha saa sita. Kurudiarudia kwake nako kuna mwisho: Novemba 30. Nimemwona bwana shamba mmoja akiweka mafunzo ya kupogoa mikahawa, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Machi hadi Novemba. Mahali pa kuandika mwisho wa tukio akaandika Novemba 30. Simu ikaelewa hivyo hivyo: somo moja linaloanza Machi na kuendelea mchana na usiku kwa miezi tisa, kisha lirudiwe. Kalenda yote ikajaa mistari ya rangi, juu ya kila siku, hata isionekane siku ya mnada wa kahawa wala ya kliniki. Mwisho wa somo ni saa sita mchana ya siku ileile. Novemba 30 inakaa ndani zaidi, chini ya neno la kurudia.

Tarehe 31 nitaigusa tu. Ukiweka marejesho ya mkopo kila tarehe 31, utaratibu unasema mwezi usio na siku hiyo unarukwa, wala hausogezwi hadi tarehe 30. Mwaka una miezi saba tu yenye siku 31. Miezi mitano simu itanyamaza, na riba haitanyamaza. Weka tarehe 28.

Jambo la mwisho ni la walio karibu na Mto Kagera, upande unaotazamana na Rwanda. Tanzania na Uganda zinafuata saa ileile. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa ukingoni simu ikadaka mtandao wa ng'ambo, na umeiacha ijipangie saa yenyewe, kikao cha saa nne kinaonekana ni cha saa tatu. Kikao hakijahama, macho ya simu ndiyo yamehama. Hatari ni kuandika ratiba mpya ukiwa katika hali hiyo, maana simu itaishika kwa saa ya Kigali, na mkirudi Nkwenda watu watafika saa nne na wewe saa tano. Tena ndani ya sharti, tarehe ya mwisho ya kikao chenye saa huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa sita usiku ya kwetu, huko bado ni jana. Programu iliyotengenezwa kizembe, ikichukua tarehe yako ya mwisho kuwa saa sita usiku siku inapoanza, itakikata kikao cha asubuhi ya siku hiyo hiyo uliyoitaja. Nimezoeza makatibu ninaofanya nao kazi jambo moja dogo: ukimaliza kuweka ratiba, usifunge simu. Peleka kidole mbele mwezi kwa mwezi mpaka kikao cha mwisho, ukione kwa macho yako, uone na saa yake.

Wakati wa ekyanda, yaani kiangazi, shughuli za shamba zinapopungua, vikundi vingi huku hupanga upya ratiba zao. Kama wewe ndiye unayeshika simu ya kikundi, ukimaliza kuweka mambo yako sawa, fungua daftari la majina uliweke kando ya kalenda, ulinganishe jina na tarehe mpaka la mwisho. Kisha mpigie simu mwenye zamu ya mwisho umtajie siku yake, na kila msiba au mvua ikiisogeza, mpigie tena.